Aliyepiga Simu

Watu wa Mikoroshoni hawamwogopi mtu mwenye bunduki kama wanavyomwogopa mtu mwenye kopo la rangi. Mwenye bunduki hupita zake. Mwenye rangi hupita, hutabasamu, huchora alama nyekundu ukutani, na nyuma yake hufuata tingatinga. Ndivyo walivyofanyiwa wenzao wa kando ya barabara kuu, wakaishia kukalia magodoro juani wakitazama kifusi cha nyumba zao. Kwa hivyo asubuhi ile mwanamke mmoja mrefu wa bara aliposhuka kwenye pikapu, huku nyuma ya hoteli za Bofa, kopo mkono huu na brashi mkono ule, habari zake zilifika mwisho wa mtaa kabla yeye hajavuka mtaro wa kwanza.

Akaipita nyumba ya kwanza, akaipita ya pili, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Kache. Hilo ndilo watu walilolishika.

Kache alikuwa uani, mikono imezama katika povu la mashuka ya wageni. Kazi yake ilikuwa hiyo, kufulia nyumba za kupangisha za Bofa. Kibarazani, juu ya mkeka, alikaa mavyaa wake, Mbeyu, ambaye wajukuu walimwita Hawe, yaani nyanya, na mtaa mzima ukafuata. Kiharusi kilikuwa kimemuua miguu yote miwili. Vingine vyote vilikuwa hai, na mdomo ndio uliokuwa hai kupita vyote.

"Hodi hapa."

"Karibu," Kache akaitikia bila kuinuka.

"Naitwa Wangu. Nimetoka kaunti, upande wa maafa." Akamwinamia bikizee. "Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na rangi, siyo? Chai je, hukuja nayo?"

Wangu akacheka, kisha akamgeukia Kache. "Hii nyumba iko na watu wangapi?"

Kache akakamua shuka polepole, akaliweka begani. Swali hilo si la kujibu ovyo mahali ambapo hakuna hata mmoja mwenye hati ya kiwanja alichojenga. "Watu wa nini?"

"Unaiona ile stoo?" Wangu akaelekeza kidole ng'ambo ya ua, kwenye jengo refu la mabati. "Unajua kuna nini ndani?"

"Dawa za vidimbwi vya kuogelea, za hoteli. Ni stoo ya Bwana Ngala. Mume wangu ndiye mpakizi pale."

"Kuna klorini na kuna asidi. Kila moja ikikaa peke yake ina adabu. Zikikutana, zinatoa hewa ya sumu. Hata hiyo klorini ikiingia maji kidogo ni balaa. Tumepigiwa simu kwamba zimepangwa chumba kimoja, na paa linavuja. Tumempa mwenyewe notisi azitenge. Lakini notisi haizuii hewa, mama. Lazima tujipange. Hewa yenyewe ni nzito, inatambaa chini. Mwenye miguu atakimbia kule upepo unakotoka, apande mpaka kwa kanisa. Asiye na miguu, vijana wa pikapu watamfuata kwanza. Ndiyo maana nauliza."

Kache alimtazama mavyaa wake pale chini mkekani. Akasema kweli: watu wanne, yeye, mumewe Menza, binti yao Pola, na huyu asiyeweza kusimama. Wangu akachovya brashi, akachora duara dogo la kijani pembeni mwa mlango.

"Ni kijani," akasema, kama aliyesikia lile ambalo halijasemwa. "Si nyekundu."

"Rangi ni rangi," akajibu Hawe Mbeyu.

*

Adhuhuri Kache alipeleka mitungi yake kwenye kioski cha maji cha Emily, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ambaye walikuwa wakiazimana hata chumvi. Aliipanga kwenye foleni, akaenda kumnunulia Pola kalamu. Kurudi, akaikuta mitungi imesogezwa nje kabisa, kwenye matope.

"Shoga, nani kaitoa mitungi yangu?"

Emily alikuwa akihesabu vifuniko kana kwamba ni kazi ngumu. "Sijui, mwenzangu. Labda wameona wewe una wakubwa wa kukuletea maji."

Wanawake wawili wakacheka puani. Mmoja akamuuliza wamemlipa nini wale wa kaunti. Mwingine akataka kujua ile simu aliipiga yeye mwenyewe au alimtuma mtu. Maana simu ilipigwa, hilo halikuwa siri tena. Ngala alikuwa amewakusanya wafanyakazi wake asubuhi hiyo hiyo, akawaambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba kuna mtu wa hapa hapa anayetaka stoo ifungwe ili ardhi iuzwe, na kwamba vijana wote wanaokula kupitia kwake wamjue mtu huyo.

"Sikupiga simu yoyote," Kache akasema.

"Basi kwa nini alianzia kwako?" Emily akauliza.

Kache akaiinua mitungi yake kutoka matopeni. Na kwa kweli hata yeye mwenyewe alijiuliza.

*

Menza alirudi jioni, macho mekundu kama kila siku. Dawa za stoo zilimwuma macho, na nguo zake zilinuka jiki hata baada ya kufuliwa. Hakuingia ndani. Alisimama mbele ya mlango, akalitazama lile duara, kisha akapaza sauti ambayo Kache hakuizoea.

"Mama Pola. Ni wewe uliyekwenda kumshtaki bosi wangu?"

"Baba Pola, punguza sauti. Watu wanasikia."

"Wacha wasikie. Nakuuliza, ni wewe uliyepiga simu?"

Upande wa pili wa ua, sufuria za Emily zilinyamaza ghafla. Kache alijaribu kumshika mkono, lakini mumewe akautoa. Kache akaapa kwa mtoto wake kwamba hajui lolote. Menza akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuhukumu, akachukua kitambaa na mafuta taa, akaanza kuisugua alama. Rangi ilikuwa bado mbichi. Ikatoka yote, likabaki waa tu kwenye mbao.

"Menza," Hawe Mbeyu akasema kutoka mkekani. "Ile ilikuwa yangu."

"Ilikuwa ya kutufukuzisha, mama."

Ndani, taa ikiwa chini, sauti yake ilibadilika ikawa ya kuomba. Ngala atafukuza mtu, akasema, na akimfukuza yeye nani atamchukua, na umri huu? Yule mwanamke wa bara akirudi, Kache amwambie mama amehamia Ganze, kwa bintiye. Nyumba isiyo na mgonjwa haitachorwa tena, na isiyochorwa haitasemwa. Kache akauliza, na ikitokea kweli? Menza akajilaza, akageukia ukuta.

"Haitatokea," akasema. "Mimi niko pale kila siku. Mvua ikija nitakuwa macho."

Kache hakulala mapema. Alimjua mumewe miaka mingi, mtu asiyepaza sauti hata akikanyagwa na baiskeli, na jioni ile alikuwa amepayuka kama dalali wa mnadani. Alishuku jambo, ila hakujua anachoshuku. Akajilaumu kwa kumfikiria vibaya baba ya mtoto wake.

*

Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu kwake. Kwenye chama cha akina mama aliambiwa apumzike kidogo, mpaka mambo yatulie. Muuza samaki alimpimia na kumpa bila kumtazama. Alama za kijani zikawa zinafutika mlango mmoja baada ya mwingine: Emily alifuta ya kwake, iliyochorwa kwa ajili ya mtoto wake mlemavu, na fundi cherehani akaipaka chokaa ya kwake. Hakuna aliyetaka kubaki na doa wakati wenzake wamejisafisha.

Wangu alirudi na kopo lake. Safari hii Emily aliwahi kupita akigonga kuta kuonya, na Kache na Menza wakambeba bikizee na mkeka wake, wakamweka chumba cha ndani, nyuma ya pazia.

"Nimeolewa hapa, nimezaa hapa," Hawe Mbeyu alinong'ona huku wakimshusha sakafuni, "leo nafichwa kama dumu la pombe ya mnazi."

Menza akacheka kidogo kwa aibu. Kache hakucheka. Akatoka nje, akafunga mlango nyuma yake.

"Nyanya yuko wapi?" Wangu akauliza.

"Alihamia Ganze. Kwa bintiye."

"Lini?"

"Majuzi."

Wangu alitazama waa la mafuta taa mlangoni, akatazama mraba msafi ulioachwa na mkeka kwenye vumbi la kibaraza. Alikuwa mtu wa kazi, si mpelelezi, na mtaa mzima ulikuwa umemchosha kwa uongo. "Una hakika, mama? Sitaki kutuma vijana kwenye nyumba tupu, na sitaki kuacha mtu."

"Nina hakika."

Neno lilimtoka Kache likiwa laini, na hilo ndilo lililomtisha.

*

Mvua kubwa ilishuka Jumanne. Ngala, aliyekuwa ameikalia notisi siku zote hizo, alisikia kwamba wakaguzi watafika kesho yake, akaamuru mapipa ya klorini yahamishwe haraka upande wa pili. Menza hakuwepo. Alikuwa ametumwa na lori kupeleka mzigo Watamu, na walioachwa walikuwa vibarua wa kuokoteza. Pipa likaanguka, kifuniko kikachomoka, na sakafuni kulikuwa na maji ya paa na asidi iliyokuwa ikidondoka kutoka mtungi wenye ufa.

Kache alikuwa Bofa akirudisha mashuka. Alisikia kengele ya kanisa ikigongwa bila mpango, akadhani ni msiba. Kisha harufu ikamfikia, ile ile ya nguo za mumewe, lakini kali mno, ikampiga machoni. Akatupa beseni, akakimbia.

Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa watu wanaokohoa na kutapika, watoto wa shule wamefungwa leso puani, Pola miongoni mwao. Pikapu ilikuwa imerudi safari ya pili. Kijana mmoja, Jefwa, alikuwa akimshusha mtoto wa Emily. Alikuwa amemkuta Emily njiani akimbeba mgongoni, miguu ya mtoto ikiburuta. Chini, juu ya mtaa, wingu la manjano lilikuwa limelala hapo hapo, halina haraka.

"Jefwa," Kache akasema akihema, "Hawe. Mmemtoa Hawe?"

"Hawe wa wapi? Nyumba yenu haina mgonjwa. Ulisema mwenyewe kahamia Ganze."

Watu wakageuka. Wote walikuwepo, waliomsogezea mitungi, waliomnunia sokoni. Wengi wao walijua kwamba Hawe hakwenda kokote. 

"Nilidanganya," Kache akasema. "Yuko nyumbani, chumba cha ndani, sakafuni. Nimemficha mpaka leo. Nilidanganya, Jefwa, twende."

Wangu alitoka upande wa gari akiwa na maski ya mpira shingoni. Alimtazama Kache kwa muda ambao Kache hatausahau, kisha akaivaa, akampa Jefwa nyingine, na maski zikaishia hapo. Kache alitaka kuwafuata. Wanawake wakamshika. Emily ndiye aliyemshika kwa nguvu zaidi, huku akilia.

Walimtoa Hawe akiwa hai. Povu lilikuwa mdomoni, macho yamevimba yakafumba, na kifua kikipanda na kushuka kama cha mtu anayepanda mlima. Mkeka ulikuwa umeburutwa mpaka mlangoni. Alikuwa amejivuta kwa mikono, akashindwa kukifikia kitasa.

*

Hospitalini walimwekea oksijeni na kuwaambia wangoje. Kache alikaa kwenye benchi la varanda, mikono mitupu mapajani. Wangu akaja akaketi kando yake. Nywele zake zilikuwa zimelowa, na alinuka stoo.

"Sikulaumu," akasema. "Au nakulaumu, sijui. Nilianzia kwako kwa sababu aliyepiga simu aliniomba. Aliniambia asidi iko wapi, na pipa gani limeoza. Halafu akaniambia, tafadhali anza na mlango wenye mama asiyetembea, nyumba ya mabati mapya jirani na kioski. Aliniomba sana. Ukaniambia amehama, nikafikiri basi, yule mtu hana habari."

"Alikuwa mwanamume?"

"Siwezi kukuambia hilo."

Hakukuwa na haja. Nani mwingine angejua pipa lipi limeoza, na nani mwingine angemwombea bikizee yule? Kache alikumbuka sauti ile iliyopazwa mlangoni ili jirani asikie. Alikumbuka kitambaa cha mafuta taa. Alikuwa amebebeshwa mzigo wa mtu, akatukanwa kwa ajili yake, na mwenye mzigo alikuwa akila ugali wake kila jioni na kumuuliza kwa nini amekonda. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakavuma.

Menza alifika akikimbia, bado na glovu za kazi. Alipoona uso wa mkewe alisimama.

"Kwa nini hukuniambia?" Kache akauliza. "Mimi, Baba Pola. Mimi si mtaa."

Menza akakaa chini sakafuni, si kwenye benchi. "Nilimwambia Ngala kwanza. Mara mbili. Akasema anayeogopa harufu akauze madafu. Ndipo nikapiga. Kisha wakaanza kutafuta aliyepiga, nikaogopa." Akafuta pua kwa glovu, akaiondoa haraka kwa sababu iliwasha. "Usiwaambie watu, Mama Pola. Nakuomba. Angalau mpaka mama apone."

Mama hakupona. Alifariki alfajiri.

*

Jeneza lilitolewa na Ngala. Turubai lilikuwa la Ngala, na mchele, na sukari, na lori lililoleta viti. Mwenyewe alifika na kanzu nyeupe na uso wa huzuni, akaketishwa mbele. Stoo ilikuwa imefungwa kwa utepe, na maneno yake yalikwisha kuzunguka mtaani: mapipa yalilala salama miaka yote, mpaka mtu mmoja alipopiga simu, ikaletwa notisi, ikawa lazima yahamishwe mbiombio kwenye mvua. Kwa hivyo aliyeua ni nani? Watu walitikisa vichwa. Wengine walimtazama Kache.

Kabla ya maiti kutoka, ada ni mtu wa nyumbani asimame aeleze ugonjwa, ili watu wazike wanachokijua. Akasimama Menza, mwana wa kwanza, kofia mkononi.

"Mama alikuwa na kifua cha muda mrefu," akasema, akiitazama ardhi. "Kikamzidi. Mungu amempenda zaidi. Tunamshukuru bosi wetu, Bwana Ngala, kwa yote haya."

Watu wakaguna guno la kuitikia. Ngala akainamisha kichwa. Menza akakaa.

Kache akasikia miguu yake inamwinua. Mke wa mwana hasimami kueleza ugonjwa wakati mwana mwenyewe yupo. Alilijua hilo, na dada ya mumewe, yule wa Ganze, alimvuta leso akae. Hakukaa.

"Mama hakuwa na kifua," akasema. "Alikuwa na miguu. Kifua alikipata Jumanne."

Ngala akainua kichwa.

"Mlangoni kwangu palikuwa na alama ya kumwokoa. Ikafutwa, nami nikatazama ikifutwa. Yule dada wa kaunti alipokuja tena, nilimwambia Hawe hayupo, na Hawe alikuwa nyuma ya pazia ananisikia. Alikutwa akiwa amejivuta mpaka mlangoni. Hayo ni yangu, nimeyasema mbele yenu. Nizikieni mama yangu mkijua."

"Na simu?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Simu sikuipiga. Natamani ningeipiga mimi. Aliyeipiga ndiye mtu pekee katika Mikoroshoni nzima aliyemfikiria mama huyu akiwa hai. Namjua. Ana mdomo wake."

Ngala aligeuka kitini taratibu, sauti yake ikiwa ile ile ya upole. "Ni nani, mama? Tuambie tu. Hapa ni msibani, hakuna ubaya."

 Kache alisimama palepale, mikono ameifunga kifuani, akingoja, wala hakumtazama mumewe. Emily ndiye aliyeanza kumtazama. Kisha fundi cherehani, kisha Jefwa, kisha mstari mzima wa wapakizi wa stoo, waliojua nani kati yao hujua pipa gani limeoza. Dada wa Ganze akaiachia leso ya Kache.

Menza akainuka mara ya pili. Kofia ilikuwa imekunjika mikononi mwake mpaka imekuwa kama kamba.

"Ni mimi, bosi," akasema.

Kache alikuwa amengojea maneno hayo tangu varanda ya hospitali, akidhani yatamshusha mzigo. Aliyasikia yote, na lile la mwisho likamwuma kuliko uongo wote uliotangulia. Mama yake yuko mbele yake ndani ya sanduku, na bado alimwita Ngala bosi.

Kache akavuta leso, akafuta uso, akaenda kusimama kando ya mumewe.

"Rudia," akamwambia kwa sauti ndogo. "Mtaje kwa jina."